Pweza wa Mombasa

Mjukuu wangu Elifuraha,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Nkoaranga. Kahawa imechanua, na mbuzi wa bibi yako amezaa mapacha. Unauliza kama kukataa vyakula vya wenyeji wako huko Ulaya ni kuwadharau.

Enzi za Mjerumani nilisafiri hadi Mombasa, upande uliotawaliwa na Mwingereza, pamoja na rafiki yangu Loishiye, Mwarusha asiyekula kiumbe cha majini. Tulikuwa na njaa. Barabarani mama mmoja alikuwa akichoma pweza.

“Mikono minane,” Loishiye akasema. “Huyu angekamua ng'ombe wawili kwa pamoja.”

Mama akacheka, akamnyooshea kipande. Kwa desturi ya kwao, Loishiye akatemea kiganja kwanza ndipo akanyoosha mkono. Mama akakirudisha kipande.

“Unakitemea chakula changu?”

Nikamweleza upesi kwamba kwa Waarusha mate ni heshima na baraka.

“Basi libariki na jiko, mwanangu. Tangu asubuhi sijauza.”

Loishiye akatema kidogo kando ya jiko. Watu wakajaa kutazama, wakanunua. Sasa angekataaje? Akala, macho ameyafumba.

“Angekuwa na maziwa,” akasema, “ningemfuga.”

Ule usile, mjukuu wangu, ila usikatae kimyakimya, mweleze aliyekupikia. Loishiye hakula pweza tena, lakini kila aliyekwenda Mombasa alimtuma amsalimie yule mama.

Babu yako