Kikao cha Dharura Na. 6 Kuhusu Ruhusa ya Msiba ya Mchomeleaji na Kamera ya Langoni

Tarehe: Ijumaa, 14. Saa 6:10 mchana.
Mahali: Chumba cha kubadilishia nguo, kiwandani.
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mpakiaji), Mama Mizani (mpima mizigo), Mchomeleaji, Katibu (mfagizi). Mwalikwa: Msimamizi wa zamu.
Hakuwepo: Mlinzi wa lango. Alituma neno kwamba ana watoto wa kulisha.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Wajumbe walisimama kimya kwa ajili ya mama yake Mchomeleaji, aliyefariki Jumatano huko kwao. Msimamizi naye alisimama.

KUMB. NA. 2/6: OMBI
Mchomeleaji alieleza kwamba mazishi ni kesho asubuhi na basi la kumfikisha linaondoka leo saa 8:00 mchana. Aliomba ruhusa jana, akanyimwa. Akiondoka bila ruhusa, kazi imekwisha.

Msimamizi alisema ofisi imechoka na watu wanaomzika bibi mmoja mara tatu, hivyo sasa inatoa ruhusa kwa kufuata kamera ya joto ya langoni. Mtu mwenye msongo wa mawazo pua hupoa, na kwenye kioo huonekana ya buluu. Ya Mchomeleaji jana na leo ilikuwa na joto, mashine ikaandika: mtulivu.

Mama Mizani alisema, "Baba, tangu lini msiba ukasomwa puani?" Msimamizi alimwomba asimtanie. Alijibu kwamba hatanii.

KUMB. NA. 3/6: KUSUGUA PUA
Mwenyekiti aliuliza pua ilipataje joto.

Katibu aliomba iandikwe kwamba ni yeye. Wenye pua ya buluu hurudishwa nyumbani bila kibarua, kwa hiyo tangu kamera iwekwe amewafundisha wenzake kusugua pua kwa kitambaa kilichopashwa joto kwenye chupa ya chai kabla ya kupita. Jana asubuhi alimpa Mchomeleaji kitambaa chake mwenyewe, akae nacho. Hakujua kwamba ameshafiwa.

Mchomeleaji alisema, "Usijilaumu, kaka. Nilikuwa naogopa kurudishwa langoni."

KUMB. NA. 4/6: KUPIMWA UPYA
Iliamuliwa Mchomeleaji apite tena mbele ya kamera, bila kitambaa. Wajumbe na Msimamizi walimsindikiza. Walipokuwa wakivuka uwanja, dada yake alipiga simu kuuliza kama wamsubiri. Mchomeleaji alilia mpaka langoni, akipenga kamasi kwa mkono.

Pua ilikuwa imevimba, nyekundu. Kamera iliandika: joto la kutosha, mtulivu.

Mwenyekiti alimwambia Msimamizi amtazame mtu, asitazame kioo. Msimamizi alijibu kwa sauti ya chini, "Namwona, mzee. Ila mimi siulizwi ninachoona." Aliandika kama ilivyosomeka.

KUMB. NA. 5/6: KUFUNGA
Mchomeleaji alimpigia dada yake, akamwambia wasimsubiri. Kisha alivaa miwani yake ya kuchomelea, na hakuivua tena.

Kikao kilifungwa saa 8:05. Basi lilikuwa limeshaondoka.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)