Dada Mmoja Aliye Kati Yetu

Jumapili, 15 Januari

Floare ameniombea. Mbele ya kanisa zima.

Saa ya maombi ya asubuhi, tumepiga magoti, wanawake kushoto, wanaume kulia, kila mtu anaomba kwa zamu. Ikamfikia Floare, jirani yangu, rafiki yangu tangu utotoni. Akatoa ile sauti yake tamu ya maombi — nyumbani hanayo. "Bwana, mkumbuke dada mmoja aliye kati yetu, anayewafundisha watoto wetu kukuomba, na yeye mwenyewe tangu amzike mama yake hajaweza kukuomba hata neno."

Dada mmoja! Watoto wa kanisa hili nawafundisha mimi peke yangu. Na aliyemzika mama mwezi wa kumi ni mimi.

"Amina," wakaitikia. Amina ndefu, yenye huruma. Masikio yaliniwaka moto. Nilimwambia yeye tu — jikoni kwangu, tukikata kabichi za kutia chumvi, nikalia mbele yake. Amenivua nguo hadharani.

Jumatatu, 16 Januari

Dukani wananipa pole. Ya nini? Pole za msiba nilishapokea. Hii ni pole ya mgonjwa. Dada Saveta wa kanisani kanishika mkono, kasema hata yeye alipitia kipindi kikavu, akafunga siku tatu kikaisha. Nimenunua hamira, nikasahau unga.

Jumatano, 18 Januari

Nimemwendea Floare. Nilipanga kuwa mpole. Sikuwa.

Nikamwuliza kwa nini amenitangaza. Akanitazama kama nimemtukana. Hakumwambia mtu yeyote, kasema — alimwambia Mungu.

"Mungu alikuwa peke yake pale, Floare?"

"Aurica, mwenzangu, mimi nimekulilia mbele za Bwana, wewe unaniletea ugomvi?"

"Ungenililia chumbani kwako."

"Hicho sasa ni kiburi," akasema. Kisha akanifungia kipande cha mkate mtamu wa kokwa za jozi nije nacho nyumbani. Nikakipokea! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Na ni mtamu kweli.

Ijumaa, 20 Januari

Mchungaji Beniamin alipita. Hakukaa, kofia mkononi. Eti nipumzike. Watoto watafundishwa na mtu mwingine kwa muda.

Nani?

Dada Floare amejitolea.

Nilisema sawa. Ningesema nini? Ningemweleza kwamba wale watoto ndio walionibeba? Nilikuwa nawaambia wafumbe macho, nami nasimama katikati yao, najificha ndani ya sala zao. Mmoja anamwombea mbuzi wake, mwingine bibi yake. Nilikuwa naazima. Sasa hata hicho Floare amekichukua.

Jioni nimesema "Bwana" kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Yaliyofuata hayafai kuandikwa. Nilimshtaki Floare mpaka koo likakauka. Je, ile ni sala? Sijui. Angalau nilikuwa naongea na mtu.

Alhamisi, 26 Januari

Floare kaja kwa mlango wa nyuma, bila kitambaa kichwani.

Ni Traian, mumewe. Shemasi wetu! Anayegawa kikombe cha Bwana, anayewakemea vijana waache ulevi. Anakunywa. Pombe ya matunda ya plamu, kaificha ghalani chini ya magunia ya mahindi. Jana kaanguka huko, Floare kamkokota hadi ndani peke yake.

"Wakijua watamtenga na kanisa. Uso wangu nitauweka wapi? Usimwambie mtu, Aurica. Sina mwingine."

Hana mwingine. Nilitaka kucheka. Haoni kabisa alichonifanyia, kwake ile ilikuwa fadhila. Nikampa chai, nikaahidi. Alipotoka nikaanza kuosha vikombe, nikajikuta napanga maneno: Bwana, mkumbuke ndugu mmoja...

Jumapili, 29 Januari

Naandika kabla ya kula.

Saa ya maombi. Floare alipiga magoti kando yangu kama siku zote. Zamu ikanifikia. Tangu mazishi huwa nanyamaza, anayefuata anaanza. Leo nikafungua mdomo.

"Bwana, mkumbuke dada mmoja aliye kati yetu."

Nikatulia hapo.

 Floare akalishika koti langu, akalikunja kwa vidole. Upande wa wanaume Traian akakohoa. Kuni tu zililia ndani ya jiko la kupashia kanisa joto — na mimi nikaendelea kutulia. Ningeweza kumwonea huruma, neno moja tu lingetosha. Nilimwacha aning'inie. Na nilifurahi. Niuandike ukweli: sijafurahi hivi tangu mama aondoke. Nilijua Mungu yupo na ananitazama, nikafurahi hivyo hivyo.

"Unamjua," nikasema. "Amina."

Wakadhani nimejiombea! Dada Saveta akanikumbatia, machozi yanamtoka. Mchungaji kasema jiwe limeondoka moyoni mwangu, na Jumapili ijayo nirudi kwa watoto. Wote wananipongeza. Floare peke yake hakunisogelea.

Sasa yuko getini. Namwona dirishani. Theluji inamwangukia mabegani na hapigi hodi. Labda amekuja kutubu. Labda amekuja kunisihi niendelee kunyamaza. Natakiwa niinuke nikamfungulie. Kila nikimtazama anavyongoja pale, ile furaha inarudi, nami nakaa tena.