Mstari Nilioruka

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo moja, kisha nikakaa na kalamu mkononi nikisubiri uitikie, kama mjinga. Ulikuwa ukiitikia kabla mtu hajamaliza kusalimu, tena kwa kuivuta, "Marahabaaa, mwanangu," hata kama mdomoni umeng'ata ukindu.

Arobaini yako imesomwa wiki iliyopita. Watu walijaa uani, na karibu kila mkeka waliokalia uliusuka wewe. Nilipakua wali, nikaosha masufuria, sikumtazama mtu usoni. Walisema, "Mwacheni, ana uchungu." Uchungu ninao. Lakini chini yake kuna jambo jingine, na ndilo linalonifanya nikuandikie. Ulipokuwa hai nilikuwa na mdomo na nilikuwa na siku za kutosha, nikanyamaza.

Nianzie mwanzo. Ulikuwa humpendi mtu anayeanzia katikati.

Nilipomaliza darasa la saba na jina langu lisitoke kwa waliochaguliwa, baba alinileta hapa Mzenga nikae nawe. Nilikuwa naona haya hata kwenda kuchota maji, nikidhani kila mtu anajua nimeanguka. Wewe hukunipa pole. Ulisema tu, "Vizuri. Utakuwa macho yangu." Ulikuwa umejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, na ulijivunia hilo kuliko hata ile Hija ya marehemu mumeo. Kisha mtoto wa jicho akakuzibia. Tangu hapo kila karatasi iliyokifikia kikundi chenu cha mikeka niliisoma mimi, na wewe ulisikiliza ukiwa umeinamisha kichwa, huku mikono inasuka.

Mikeka yenu ilijulikana hapa kijijini tu. Ukataka litengenezwe tangazo, libandikwe kwenye maduka ya ushirika ya Mlandizi na Kibaha, watu wasiotujua watujue. Akina mama wakakubaliana kwamba kuandika barua ya kusalimiana ni jambo moja, na kuandika maneno ya kumsimamisha mpita njia asiyekuwa na haja na mkeka ni jambo jingine. Atafutwe mwandishi. Goti lako lilikuwa linauma, ukanituma mimi.

Siku mbili nzima ulinifundisha jinsi ya kumtambua, tukiwa tunachana ukindu pale kivulini nyuma ya jiko. Nayakumbuka maneno yako yote, na ndiyo maana sina kisingizio.

"Mpe mkeka, halafu unyamaze. Akianza kuandika kabla hajaugusa, muage uondoke."

"Akikuuliza maswali mpaka ukachoka, huyo mshike, usimwache."

"Muulize amewahi kumwandikia nani. Nenda kwa mtu huyo. Usimuulize karatasi ilipendeza vipi. Muulize, waliokuja kununua, walirudi tena?"

Na la mwisho ulilisema ukiwa umeuacha ukindu kabisa, umenishika kifundo cha mkono: "Mwambie kasoro ya mkeka wetu. Tazama ataiweka wapi. Akiificha hatufai, hata aandike kama malaika."

Kasoro tuliijua sote. Ile rangi ya zambarau ya dukani, mkeka ukiwa mpya, hutoka ukilowa. Kila aliyenunua ulimwambia mwenyewe, "Usiufue mpaka umalize nao Ramadhani moja. Upanguse kwa kitambaa kikavu tu." Wengine walicheka. Lakini walitii, na mikeka ilidumu.

Nikapanda lori la kijiji hadi Kibaha, mkeka nimeuviringisha kwapani. Bwana Sefu, mwandishi niliyeelekezwa, alikuwa barazani na mashine yake ya kupiga chapa, shati limenyooka kwa pasi. Nilisimama mbali kwa muda mrefu, mpaka akaniita mwenyewe, "Binti, unauza mkeka au umepotea?" Watu barazani wakacheka. Nikajikuta nimeshafika mbele yake, nikanong'ona kwamba tunataka tangazo. Nikamnyooshea mkeka. Hakuupokea. "Mikeka naijua, dada yangu. Nimezaliwa juu ya mkeka." Akaanza kupiga chapa.

Shangazi, pale pale nilijua. Jaribio lako la kwanza lilikuwa limekwisha kujibiwa. Lakini ningemuagaje mtu mzima ambaye ameshaanza kazi, mbele ya watu wanaotazama? Nilisimama. Akamaliza, akanipa karatasi, akasema, "Wewe umesoma, naona. Hebu soma uone Kiswahili kilivyolala." Tangu jina langu likosekane, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nimesoma. Nikaisoma huku masikio yananiwaka moto kwa furaha. Ilikuwa nzuri mno. Katikati kulikuwa na ule mstari.

Nilijaribu. Nataka ujue kwamba nilijaribu kidogo. Nilisema, "Lakini kaka, hii rangi…" Akanikata: "Tangazo si cheti cha daktari, binti. Ukianza kutaja maradhi, nani ataoa?" Barazani wakacheka tena. Nikaikunja karatasi, nikashukuru, nikaondoka. Nilishukuru, Shangazi!

Kesho yake baada ya adhuhuri mlikusanyika kunisikiliza. Nilianza kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo. "Enyi wapenda maridadi!" Mama Zuhura akapiga kigelegele. "Mikeka ya Mzenga, johari ya sebule yako!" Kigelegele tena. Nikauona mstari ule unakuja. Nilijua nikiusoma utaniuliza, "Hukumwambia kasoro?" na mimi itabidi nijibu kwamba katika yote uliyonituma sikutimiza hata moja. Macho yangu yakauruka. Nikasoma uliofuata, na sauti haikutetemeka.

Ukauliza, "Ni hilo tu?"

Nikasema, "Ni hilo tu, Shangazi."

Ukaichukua karatasi, ukaipapasa kwa vidole, ukasema polepole, "Mbona imejaa." Kisha ukatabasamu. "Haya. Macho yangu yakiridhika, nami nimeridhika." Nikachukua karatasi nikaenda kuinakili, nakala baada ya nakala, na katika kila nakala niliuandika mstari ule kwa mwandiko wangu mzuri.

Mikeka ikaondoka. Hilo nalo liliniziba mdomo. Mlikuwa mkiimba mkisuka, na mlinipa jina, "Katibu." Ningesemaje?

Halafu ikaja maulidi ya Mlandizi. Wenye nyumba walinunua mikeka mipya kwa ajili ya wageni. Asubuhi ya shughuli wakaifua yote kwa maji mengi, kama tangazo lilivyowaruhusu, wakaitandika kabla haijakauka vizuri. Wanaume wakakaa na kanzu zao nyeupe. Waliposimama kwa qiyam, kumswalia Mtume, nyuma walikuwa zambarau tupu, na shehe mbele yao. Watoto wakapiga kelele, "Shehe kakalia zambarau!" Maulidi yalivunjika kwa vicheko, na mwenye nyumba hakucheka.

Akaja hapa kwetu na furushi la kanzu na nakala aliyoibandua ukutani. Alituamkia kwa adabu, na adabu yake ikatutisha zaidi. Akausoma ule mstari mbele ya akina mama wote, kisha akauliza, "Nani aliyeridhia maneno haya?"

Ukajibu, "Mimi. Nilisomewa, nikaridhia."

Kisha ukanigeukia. Hukuwa na hasira. Uso wako ulikuwa kama wa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. "Mwanangu, mstari huo ulinisomea?"

Hapo ndipo, Shangazi. Kule Kibaha nilikuwa mwoga, na pale kwenye kusoma nilikuwa mwoga. Hapa mlango ulikuwa wazi na wewe mwenyewe umeushika. Nikasema, "Nilikusomea."

Ukatikisa kichwa taratibu. "Basi nimezeeka. Nimesomewa, nimesahau."

Ulichukua kanzu zile zote ukazifua kwa ndimu na mikono yako, ukazipeleka Mlandizi mwenyewe na goti lako bovu, ukaomba radhi nyumba hadi nyumba. Lakini si hilo linaloniamsha. Linaloniamsha ni yaliyofuata. Ukaanza kufunga vifundo kwenye ukindu ili ukumbuke. Ukaanza kuniuliza kama chumvi umeshatia, na ulikuwa umeshatia. Nilikusikia ukimuuliza Mama Zuhura, "Jana nilikuja kwako, au naota?" Ulikuwa umekwenda, na ulikumbuka hata alichopika. Kisha ukauacha uenyekiti wa kikundi. Ulisema, "Kikundi hakiwezi kubebwa na kichwa kinachovuja." Wakakukatalia mara moja tu, kwa adabu. Ya pili wakakubali, kwa sababu na wao waliamini.

Kifua kilipokubana, siku ile ya mwisho, uliniuliza kama mbuzi amefungwa. Nikasema amefungwa. Ukasema, "Niambie tena, isije ikawa nimesahau." Nikakuambia tena. Ningeweza kukuambia na lile lingine. Nilikuwa nimekushika mkono.

Sasa nikupe habari za baada yako.

Maduka yalikataa mikeka yetu. Imejaa chumbani kwa Mama Zuhura, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, mpaka wanawe wanalala sebuleni. Akina mama watatu wameacha kusuka, wamerudi kwenye mihogo. Baada ya arobaini Mama Zuhura aliniita akasema, "Tunajaribu mara moja zaidi. Tukishindwa, kikundi kife. Mtafute mwandishi wa kweli. Wewe ndiye uliyefundishwa na shangazi yako."

Nilipofika Mlandizi nilikuta watu wanakimbia na ndoo. Ukutani palibandikwa kikaratasi: "Kesho maji yatafungwa tangu asubuhi hadi alasiri. Chota leo." Basi. Hakikuwa na enyi wala johari. Lakini kila aliyekisoma aligeuka kwenda kutafuta ndoo. Nikamuuliza mama mmoja kama karatasi hizi husema kweli. "Akisema alasiri, ni alasiri," akanijibu. "Huyo hajawahi kutudanganya." Nikauliza aliyekiandika. Nikaelekezwa kwenye mitambo ya maji, Ruvu, kwa karani mmoja aitwaye Bwana Lazaro, mtu wa bara, mfupi, mwenye kikohozi.

Nilimpa mkeka nikanyamaza. Akautandika, akaukalia, akaunusa. Kisha akasema hawezi kuandika mpaka aje awaone wanaousuka. Akaja Jumapili, baada ya ibada yake, kwa baiskeli. Akawauliza akina mama maswali mpaka Mama Zuhura akasema, "Baba, unaandika tangazo au unaposa?" Akacheka, akaendelea. Nani hununua? Huukalia au huulalia? Ukindu mnautoa wapi? Kisha akaomba maji, akayamwaga kwenye pembe ya mkeka, akasugua kwa kitambaa chake cheupe cha mfukoni. Akakiinua. Zambarau.

"Kasoro hii mliijua?" Wakaitikia kwa vichwa. "Sasa ile karatasi ya zamani, niliyoisoma ukutani Mlandizi, ilipitaje hapa?"

Mama Zuhura akasema kwa upole, "Marehemu alisomewa, akasahau. Alikuwa amezeeka."

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikasema, "Hakusahau. Hakusomewa. Mstari ule niliuruka." Nikasema yote, la kwanza hadi la mwisho, kama ninavyokuambia hapa, ila kwa kulia.

Hakuna aliyenigombeza. Mama Zuhura aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo alikuwa mzima?" Nikasema ulikuwa mzima. Akajifunika kanga usoni. "Tumemwondoa kwenye kiti chake," akasema, "na akili zake zote."

Siku tatu hakuitikia shikamoo yangu. Ya nne aliniletea fungu la ukindu, akalitua miguuni pangu. "Sijakusamehe," akasema. "Lakini kazi ipo."

Bwana Lazaro ameandika. Alilisoma kwa sauti mbele yetu mara mbili, akatuuliza kama kuna neno lisilo la kweli. Kwa malipo aliomba mkeka mmoja, akataka wenye rangi ya zambarau.

Leo asubuhi nimekuja kwako kaburini na karatasi mbili. Nilikaa upande wa kichwani, nikakusomea. Nakuandikia hapa tena, iwepo kwa maandishi.

Mstari ule ulisema hivi, Shangazi: "Ufue, uuloweke, uanike juani, rangi yake haitatoka milele." Sasa umesomewa.

Na hili ndilo jipya, lote, sijaruka kitu: "Mikeka ya ukindu, inasukwa Mzenga. Ikiwa mipya, rangi ya zambarau hutoka ikilowa. Usiufue mpaka umalize nao Ramadhani moja. Upanguse kwa kitambaa kikavu. Baadaye fua utakavyo. Tangazo letu la kwanza lilisema uongo, na mwenyekiti wetu wa wakati ule hakuujua. Waliochafuliwa kanzu, tunawaomba radhi."

Maneno ya mwenyekiti kutoujua nimeyaomba mimi. Yatabandikwa Mlandizi, kwenye ukuta ule ule, mwenye nyumba yule ayaone. Sijui kama mikeka itaondoka. Tutabandika kesho.

Pumzika, Shangazi. Kichwa chako hakikuvuja kamwe, yaliyovuja ni macho yako, na macho hayo ni mimi. Akina mama wameniomba niendelee kuwasomea, na nimekubali kwa sharti moja: anayesikiliza aweke kidole kwenye karatasi na ahesabu mistari nami. Nitasoma mstari hadi mstari maisha yangu yote, hata ule unaonivua nguo mbele za watu.

Mbuzi amefungwa. Nimehakikisha.

Ni mimi, mwanao,
Mwanaidi