Nani Aanze Mbele, Célestin?

Célestin, rafiki yangu,

Bado tunacheza Auderghem huku ugenini, uwanja uleule karibu na msitu. Jumapili ya kwanza baada ya kukuzika nilisimama peke yangu kando ya mstari, nikageuka nikuulize kitu. Hukuwepo.

Unakumbuka tulivyochoshana juu ya namba tisa? Wewe ulimtaka Patient, mtu mzima, mzito, anayeukinga mpira kwa mgongo mpaka wenzake wafike. Mimi nilimtaka mwanao Trésor, kwa mbio zake. Tulibishana kwenye basi la Ixelles, tukaendelea mezani kwako, samaki wanapoa, mpaka mke wako Odette akatuambia, "Bon, mukule kwanza. Muko bakocha ya timu ya batu ya Lubumbashi, hamuko baministre ya serikali." Hata kitandani kule hospitali ya Jette, sauti imekwisha, ulininong'oneza, "Trésor anakimbia mbele ya kufikiri. Muache angojee." Nikakuambia unaogopa watu watasema unampendelea mwanao. Ulicheka, ukakohoa. Hatukumaliza.

Basi Jumapili ile ya kwanza, tukicheza na timu ya ndugu zetu wa Kivu, kila mtu alitaka Trésor aanze, kwa heshima yako. Patient mwenyewe alinivuta pembeni. "Papa Gustave, weka mutoto wa Célestin. Miye nitakaa." Ungedhani nilifurahi, kwani ndicho nilichokuwa nataka miaka yote. Nilisoma majina, nikasema Trésor mbele, na moyo haukutulia.

Trésor akanifuata nje ya chumba cha kubadilishia nguo. Macho mekundu, lakini sauti yako kabisa. "Tonton, papa hakuniwekaka kuanza. Leo ukiniweka, batu batasema ni juu ya kilio. Uniweke siku utaona naweza."

Nikamrudisha Patient. Tulifungwa. Trésor aliingia kipindi cha pili, akabaki yeye na kipa tu, akapiga nje. Baadaye alikaa kwenye majani akalia, akikulilia wewe, si lile goli alilokosa. Patient alikaa naye mpaka wenzetu wote wakaondoka.

Tangu hapo, kila baada ya mazoezi, wawili hao wanabaki. Patient anamsukuma kwa nyuma, Trésor anajifunza kuukinga mpira. Fikiria, Célestin, mtu anamfundisha yule atakayechukua nafasi yake. Halafu majira ya baridi yalipokwisha Patient akaniambia, "Sasa aanze. Sisemi hivyo juu ya baba yake." Akaenda kukaa benchi.

Odette alikuja siku hiyo, amevaa koti lako. Trésor hakufunga. Aliupokea mpira, beki mgongoni, akangoja. Akangoja tena. Kisha akampa mwenzake, goli. Nikasema kwa sauti, "Nilikuambia, Célestin," na kabla sijamaliza nikajua kwamba ule ungojaji ulikuwa wako. Odette alinishika mkono. Tulicheka na kulia pamoja, watu wakitutazama.

Nimekosa mtu wa kubishana naye. Wanaonizunguka wananikubalia haraka mno.

Pumzika, ndugu yangu. Nakuahidi hivi: siku Trésor atakapocheza vibaya nitamtoa, kama ambavyo ungemtoa wewe. Na Odette nitamwambia mimi mwenyewe.

Gustave wako