Kwa Mama Mkwe Aliyeniita Chui

Mama Deo,

Sitakuuliza habari za huko. Za huku utazisikia, utake usitake, maana sasa huwezi kunigeuzia mgongo wala kuanza kusema Kinyarwanda cha haraka ili nisielewe. Ninakuandikia Kiswahili cha masista wa Bukavu, kile ulichosema ni cha kujivuna. Tulia usikilize.

Shemeji Faustini ameondoka. Alikuja matanga yako hayajaisha, akitaka shamba, na sababu aliyoileta ni maneno yako mwenyewe. Nitafika hapo. Kwanza tukumbushane mambo yalivyokuwa, maana kule kisimani uliyasimulia kivyako na watu wakakuamini.

Vita vya Rwanda vilipokwisha, Deo alitutoa Bukavu, wewe mama yake na mimi mkewe. Wewe ulipelekwa Kongo mgongoni mwa mama yako, ukakulia huko, ukazaa huko. Hata hivyo siku tuliyovuka mto Rusizi kuingia Rwanda ulipiga magoti ukashika udongo, kisha ukanitazama mimi, Mushi wa watu, Mkongomani, na mtoto wetu Neema mgongoni. Ukasema, “Sasa weye njo mugeni.” Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Shamba tulilopewa liko juu ya Gitambi, pale mashamba yanapokoma na msitu unapoanza. Wenye nyumba za pale walikuwa wamekimbilia kule kule tulikotoka sisi. Majani yalikuwa yamefika madirishani. Unakumbuka tulipofungua mlango wa jiko? Mondo alikuwa amelala juu ya majivu baridi na watoto wake, paka wa mwitu mwenye miguu mirefu na madoa, masikio yamesimama. Hakukimbia. Alitutazama kama sisi ndio tumeingia bila hodi. Deo alimrushia mawe hadi akatoka, akirudi kila mara kubeba mtoto kwa meno, na wewe ukasimama mlangoni ukitukana wanyama wote wa nchi hii uliyokuwa umeilia miaka yote.

Hapakuwa na mbwa mlima mzima. Wakati wa mauaji mbwa walikula kile ambacho mbwa hapaswi kula, na wanajeshi wakawapiga risasi. Kwa hiyo msitu ulikuwa unatembea mpaka uani. Paka mwitu walichukua kuku mbele ya macho yetu. Bweha walikuja mchana, wawili wawili, mmoja akikuita upande huu umfukuze, mwenzake akibeba mwana mbuzi upande ule. Na kuwafuata haikuwezekana. Msituni kulikuwa na watu wenye bunduki, na wanajeshi walikataza raia kuvuka mstari wa miti. Waliothubutu, kwa njaa, walitega nyaya kando kando na kurudi mbio.

Deo alipokuwepo tuliweza. Alikuwa akisimama kati yetu, wewe na mimi, akicheka, akisema ana wake wawili na wote wakali. Kisha vita vikaanza upya Kongo, akachukuliwa kuendesha kamio ya jeshi kwa sababu alizijua njia za kule. Mwenzake ndiye aliyerudi. Kamio iliungua, alisema, hakukupatikana cha kuzika.

Nilitaka kulia na wewe. Mama, Mungu ananiona, nilikuja kukaa karibu yako mkekani. Ukafuta uso kwa fulari yako ya kichwani, ukaniangalia, ukasema, “Kongo yenu imekula mutoto yangu.”

Yenu. Kongo ambako kaka yangu wa tumbo moja alinifungia mlango, nilipovuka kwenda kumwambia kuwa nimefiwa. Aliniambia dirishani, “Rudia kwa Banyarwanda bako.” Nikarudi. Nilikuwa na mahali gani pengine?

Ukanitoa chumbani kwa Deo. Ukanilaza mimi na Neema upande wa zizi, ukuta wa fito kati yetu na mbuzi, “ili musikie zikilia.” Chungu changu ukakitenga na chako. Nikipika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, ulisema inanuka. Nisipopika ulisema ninakuua njaa. Neema alipokuita nyanya ulimwitikia, halafu ukimwona anafanana nami kichekoni ulimfukuza. Mtoto wa miaka saba, anafukuzwa kwa sababu amecheka.

Kisha chui akaanza.

Alikuja na mvua. Asubuhi tulikuta beberu hayupo na udongo umeandikwa nyayo, tatu zimekaa vizuri na moja inaburuzwa. Papa Silasi, jirani yetu wa chini, alizitazama akasema huyo amenasa kwenye waya wa mtego na kuukata, sasa anatembea nao mguuni. Hawezi tena kufukuza swala, atakula vilivyofungwa. Akatuonya tujenge zizi kwa miti minene. Ndiyo habari yote ya chui yule. Mnyama aliyeumizwa na watu, mwenye njaa. Papa Silasi aliisema mbele yako, na uliielewa.

Lakini ulikwenda kisimani ukawaambia wanawake, “Kule Kongo bantu banageuka chui. Mumuulize juu ya nini ile chui haimukule yeye, na analala karibu na mbuzi.”

Wiki ile ile wanawake walianza kuvuta bidoni zao za kutekea nilipokaribia maji. Watoto walimrushia Neema madongoa njiani, akarudi mdomo umepasuka, akaniuliza kama ni kweli nina mkia. Kijana mmoja alisimama juu ya njia akasema, kwa sauti ya kunisikilizisha, kwamba nyumba ya nyasi haihitaji petroli nyingi. Nikakufuata jikoni. Nikakuomba, nikikuita Mama, nikipiga magoti, uende uwaambie kuwa umekosea. Ulikuwa unachambua maharagwe. Ukasema, “Kama hauko chui, unaogopa nini?”

Hilo ndilo siwezi kulimeza. Ungekuwa mjinga ningekusamehe. Lakini dada yako aliyebaki Rwanda aliuawa na majirani walioanza kwa kumwita mdudu tu, neno tu, la kuchekesha watu baani. Ulinisimulia wewe mwenyewe, Bukavu, ukilia begani kwangu, zamani bado una bega la kulilia. Ulijua neno linaanzia wapi na linafika wapi. Ukalichukua ukaliweka mdomoni.

Siku ile ukungu ulishuka mchana. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyokoma. Uliwaingiza mbuzi mapema, ukabaki ndani ya zizi kuwafunga. Mimi nilikuwa jikoni natwanga sombe. Nilisikia mbuzi wakilia wote kwa pamoja, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja, na kunyamaza kule ndiko kulikoniinua.

Niliingia na mchi mkononi. Chui alikuwa ameingilia kwenye paa la nyasi. Ulikuwa chini, uso matopeni, na yeye juu yako, meno begani. Hakuwa mkubwa kama nilivyodhani. Mbavu zilihesabika. Harufu ya mguu wake ilinifikia kabla ya kitu chochote, harufu ya nyama iliyooza, na niliuona waya umezama mpaka ndani, manyoya yamekwisha kuota juu yake. Nilimpiga mgongoni. Akageuka bila kukuachia, akanichana mkono huu kuanzia kiwiko. Nikampiga tena, nikamwangukia, mimi na mchi na uzito wangu wote, nikawa natafuta mguu ule mbovu, na nilipoupata niliupiga kama ninavyotwanga. Alilia, Mama. Kilio kile nakisikia bado. Akaruka kupitia tundu lile lile la paa na nyasi zikatuangukia.

Mke wa Papa Silasi alikuwa amesimama kwenye uzio, jembe begani, mdomo wazi.

Wanaume walikubeba kwa machela ya matete hadi barabarani, na kutoka hapo kamio ya chai ikakufikisha hospitali. Njia nzima nilitembea karibu na kichwa chako. Ulikuwa na akili zako. Uliwaambia wabebaji washike vizuri, ukauliza mbuzi wangapi wamebaki, ukalalamika mvua inakuingia machoni. Nilingoja. Wanaume wale ndio waume wa wale wanawake wa kisimani. Neno moja tu lingetosha. Hukulisema.

Nilikulisha uji hospitalini. Ukasema uji wa Kikongomani hauna sukari. Kidonda kilikuwa kinanuka kama mguu wa yule chui, wauguzi wakawa wanabadilisha bendeji wakitazama pembeni. Siku ya mwisho uliamka wakati wa jua kali, ukaniangalia muda mrefu, mkono wangu uliofungwa, uso wangu. Ukaniuliza, “Uliingia mule juu ya nini?”

Nililia tu. Ulidhani ninalia kwa huruma. Sasa nitakujibu. Sikuingia kwa upendo, usijidanganye huko uliko. Niliingia kwa sababu bado ulikuwa na neno langu mdomoni, na mnyama alikuwa anakuchukua nalo. Nilikutaka mzima. Nilikutaka usimame kisimani kwa miguu yako ulirudishe mbele ya watu wote. Ukafa jioni, hata uji hukumaliza.

Sasa Faustini. Mwanao anayeuza saruji Kamembe, ambaye wakati wa njaa yetu hakuwahi kupanda mlima huu, alifika na viatu vyake vya ngozi akawaambia watu shamba ni la ukoo, mimi ni mgeni, sina mtoto wa kiume, na zaidi ya hayo mama yake aliacha amesema mimi ni chui. Alilisema hilo kwenye mkutano, konseye, mkuu wa eneo letu, amekaa kwenye benchi, watu wameenea majanini. Niliwatazama. Wengi walitazama chini. Nikafunua mkono wangu, lakini Faustini akacheka akasema hata chui hujikwaruza.

Ndipo mke wa Papa Silasi akasimama. Yule ambaye bidoni yake ndiyo ilivutwa ya kwanza. Hatukuwa marafiki, hatujawa hata leo. Akasema, “Mimi nilikuwa pale. Niliona na macho yangu. Chui ilikuwa juu ya mukecuru, ule mama muzee, na uyu mwanamuke alikuwa juu ya chui. Sasa Faustini, weye muntu wa mujini, utuelezeye: kama uyu njo chui, ile ingine alikuwa anapiga ilikuwa nani? Ni weye?”

Watu walicheka. Kicheko kilianzia kwa akina mama nyuma, kikapanda mpaka kwa konseye, akajifanya anakohoa. Faustini alitaka kuendelea, lakini kila akifungua mdomo mtoto mmoja alinguruma. Konseye akasema mjane wa Deo atabaki kwenye shamba la Deo, na Neema ni damu ya Deo, awe na suruali au gauni.

Nilipaswa kufurahi. Nilirudi nyumbani nikavunja chungu chako. Nilikipiga ukutani, Mama, nikakaa chini kati ya vigae nikalia, kwa sababu maneno yale alikuwa ayaseme nani? Wewe! Kwa nini niokolewe na mwanamke wa kisimani, na wewe nilikuwa nimekuokoa?

Basi, za huku ndizo hizo. Zizi nimelijenga upya kwa miti minene, na paa la bati. Yule wa waya hajaonekana tena, nadhani mguu ulimmaliza. Lakini msitu hauishiwi. Kuna mwingine sasa, nyayo zake nne zote nzima, anapita kwenye migomba bila kuharakisha. Mondo wanazaa kwenye nyumba tupu ya jirani. Bweha wamechukua mwana mbuzi mweupe Jumapili tukiwa kanisani. Neema ameota meno makubwa mbele. Hafukuzwi na mtu, na anacheka sana. Analala chumbani kwa baba yake, mimi naye. Kisimani wananipisha nafasi, ingawa wengine bado wanangoja nitangulie kuteka.

Siwezi kukuambia lala kwa amani. Lala tu. Ukikutana na Deo mwambie ukweli, wote, kabla hajausikia kwangu, maana nami nitafika. Sikuahidi misa wala maua. Ninakuahidi hili: Neema akikua nitamweleza uliyonitendea, na nitamweleza pia kwamba dada yako aliuawa, ili ajue kilichokuharibu. Na kaburi lako nitalipalilia kila msimu, jani lisiote juu yake. Ni kwa sababu majani yanaficha wanyama. Usije ukafikiri ni kwa sababu nyingine.

Mimi, mke wa mwanao,
Nsimire