Nilimwuliza Kama Amekunywa, Akajibu Hajalewa

Masasi, Jumamosi jioni.

Joto halijapungua. Milima ya mawe inarudisha jua lililoipiga mchana kutwa, na dirisha la chumba hiki cha wageni linatazama ukuta. Mimi ni rubani msaidizi, mtu mzima ninayekaribia kustaafu, na leo nimekataa kuruka.

Jana tulileta wanunuzi wa korosho. Tangu biashara hiyo ifunguliwe kwa watu binafsi, ndege ndogo kama yetu hazipumziki msimu ukifika. Abiria walipanda gari kwenda Newala, na rubani mkuu, Kapteni Hamisi, akafuatana nao ili awasalimu wakwe zake. Mimi nilibaki na ndege.

Asubuhi walirudi wakinuka mabibo, matunda ya mkorosho. Hilo peke yake si ushahidi. Wakati huu kila kitu kinanuka mabibo: viti vya gari, magunia, hata mikono yangu, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kula bibo. Ningeweza kujificha nyuma ya harufu hiyo.

Lakini nilimwona Hamisi akipapasa mlango wa ndege, akitafuta kitasa kilichokuwa mbele ya macho yake.

Nilimvuta pembeni, chini ya bawa. "Umekunywa?"

"Sijalewa, Baba Neema."

Nilisomeshwa sarufi na walimu wakali, na jibu hilo lilikaa vibaya sikioni mwangu. Sikumwuliza habari za kulewa. Mtu ambaye hakunywa husema sikunywa.

"Umekunywa au hukunywa?"

Aligeuza uso. "Uraka tu, alfajiri. Wakwe walinikaribisha, ningekataaje? Yale ni maji ya mabibo."

"Yaliyochachuka. Basi leo haturuki."

"Sema injini ina hitilafu, mzee wangu. Nani atajua?"

Injini haikuwa na kosa lolote.

Mama Zuhura, mmoja wa wanunuzi, mzaliwa wa Tandahimba, alikuwa amesogea karibu. "Baba we! Mwenzio kasema hajalewa. Umekuja kuturudisha Dar au kutusahihishia mitihani?" Wenzake wakacheka. Hamisi naye akacheka pamoja nao.

Kicheko hicho ndicho kilichoniuma.

Ndege ile huendeshwa na marubani wawili, na kila mmoja ana wajibu wa kusema hapana. Mkubwa hamnyamazishi mdogo kwa cheo, wala mdogo hamfichi mkubwa kwa mapenzi. Niliipigia simu ofisi na kueleza nilichokiona na nilichokisikia, bila kuongeza neno. Msimamizi aliagiza kwamba Hamisi asiiguse ndege mpaka achunguzwe. Huenda akapoteza leseni. Abiria walikodi gari. Mama Zuhura hakuniaga.

Je, tungeanguka? Sijui. Huenda tungefika salama, na jioni hii Hamisi angekuwa nyumbani akicheza na watoto wake. Sitalijua hilo kamwe, na hakuna mtu wa kunipa pole kwa ajali ambayo haikutokea.

Mkewe nilimposea mimi. Niliketi Newala mbele ya wakwe hao hao nikamsifu Hamisi kuwa ni kijana mwangalifu. Ingawa ananipita cheo, kila siku ya kazi huanza kwa yeye kuniamkia kabla hajavaa kofia yake.

Chumba chake kinapakana na changu. Namsikia akikohoa nyuma ya ukuta. Tumeletewa chakula, kila mtu akala kwake. Sijawahi kula peke yangu safarini tangu nianze kuruka naye.

Jua lilipokuwa likizama nilikaa barazani. Akapita na ndoo ya maji ya kuoga, karibu sana, hata maji yakanirukia miguuni.

"Marahaba," nikasema.

Hakuwa ameniamkia. Mdomo wangu ulitangulia kwa mazoea. Alisita kidogo, kisha akaenda zake.

Kesho ofisi itatuma gari lituchukue sote wawili. Sitamwomba radhi, kwa sababu sikukosea. Nitaacha nafasi kando yangu kwenye kiti, na asiponiamkia, nitaanza mimi kumsalimu.