Koti la Shingo Mbili

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Hujambo? Mgongo umepoa? Sisi tumefika hospitali kubwa, Mungu ashukuriwe, na aliyeendesha pikipiki jangwani ni mimi dada yako, uliyesema sitavuka hata geti.

Mabasi yalizuiwa na dhoruba, na miadi ya daktari haingoji. Shoga yangu mshonaji akatushonea koti moja la turubai lenye shingo mbili, tukaingia sote. Katikati ya jangwa mchanga ukatuchapa, kisha ikaja mvua ya mawe. Nikamsikia nyuma yangu anasali.

“Umefumba macho?”

“Nimefumba mimi, shoga. Wewe usithubutu!”

Tukateleza, tukaanguka kama gunia. Ndani ya koti lile mmoja hawezi kuinuka bila mwenzake, basi tukasukumana, tukicheka na mchanga mdomoni, mpaka tukasimama. Nikawasha, tukaenda.

Daktari ameupima ule uvimbe wangu. Titi la kushoto litatolewa Alhamisi ijayo. Nimemwachia Mungu. Mama usimwambie bado, msimulie habari za pikipiki tu.

Tafadhali nijibu upesi, nisome kabla sijaingia chumba cha upasuaji.

Ni mimi dada yako,
dereva